Uaminifu Pasipo Shahidi

Si vigumu kuwa mwema mbele ya watu. Macho ya jirani ni ua linalouzuia mkono usipotee, na hofu ya aibu huwaongoza hata wale ambao dhamiri zao zimelala. Lakini, msomaji, mtu awapo peke yake, pasipo mlinzi wala shahidi, ni kitu gani kimzuiacho asitende uovu? Natulipime swali hili kwa mambo mawili ya maisha ya kila siku: mchezo wa mwisho wa juma na kazi ya fundi wa magari.

Mchezo wenyewe ulianza Marekani. Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya nchi hiyo iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yatumiwayo na raia kutambua mahali walipo. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatia ndani daftari na vitu vidogo vidogo, likiwamo kopo la maharagwe; kisha akatangaza mahali ilipo kwa tarakimu za latitudo na longitudo. Leo maficho ya namna hiyo yamezidi 3,000,000 duniani. Kanuni yake ni fupi: ukitwaa kitu, acha kingine chenye thamani sawa au zaidi, andika jina lako daftarini, rudisha sanduku lilipokuwa. Hapana askari alilindaye. Aliyeliweka hayupo, na atakayelitafuta baada yako humjui.

Sasa tuingie gereji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanyonyavyo ndivyo yachemkavyo upesi. Kwa kiwango kiitwacho DOT 3, mafuta mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Gari lishukapo mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, breki hupata moto mkali. Mafuta yaliyokaa sana huchemka yakatoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga breki ikazama pasipo kushika. Fundi akiandika katika hati ya malipo kwamba amebadilisha mafuta hayo, ilhali hakuyagusa, nani atajua? Gari litatoka gerejini salama. Deni litadaiwa mteremkoni, na huenda likalipwa na abiria ambaye hakupata kumwona fundi yule.

Yamkini utasema kwamba mambo haya hayalingani: mchezoni hapana faida ya kuiba, kwani nani atamaniye kopo la maharagwe? Gerejini kuna fedha, na nyumbani kwa fundi kuna watoto wanaongoja chakula. Hoja hiyo ina nguvu, wala siikatai. Uaminifu usiogharimu kitu haujapimwa bado, na arudishaye sanduku Jumamosi aweza kudanganya Jumatatu. Hata hivyo mchezo huu unathibitisha jambo moja, kwamba binadamu aweza kumjali mtu asiyemjua, bila ujira na bila kutazamwa. Asemaye kwamba watu hawawi waaminifu ila kwa fimbo amekosa. Uwezo tunao, lililobaki ni kukubali gharama yake.

Na gharama hiyo ni haki tuilipe, maana sote twaishi kwa kazi za mikono tusiyoiona. Aliyekaza nati za gurudumu, aliyepima dawa, aliyepigilia misumari ya paa unalolala chini yake, kila mmoja alikuwa na saa yake ya upweke. Ukitaka wote hao wawe waaminifu kwako, kwa haki gani utajitoa wewe katika sharti hilo?

Kijana, siku moja utashika spana, kalamu au sindano, na chumba kitakuwa kitupu. Saa hiyo usiulize ni nani akuonaye. Uliza ni nani atakayeshuka mteremko.