Neno "Salama" Juu ya Kilima cha Vifusi

Anayepima mteremko wa ardhi iliyokuwa mgodi, ikasawazishwa na kuoteshwa nyasi, mwishowe huandika namba moja: nguvu zinazoushika udongo, zikigawanywa kwa zile zinazouvuta chini. Ikiwa 1, mteremko umesimama kwa kuponea chupuchupu, ikifika 1.5, wengi huridhika, ripoti ikasainiwa. Lakini asemapo "hapa ni salama", je, anatoa habari kama ya urefu wa mlima, au anaweka ahadi? Kwangu mimi hiyo ni ahadi, hata ikivaa joho la habari, na aliyeahidi hulaumiwa tofauti na aliyekosea hesabu.

Tuchukue Aberfan, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966, kama saa tatu na robo asubuhi, rundo namba 7 la vifusi vya mgodi liliporomoka likafunika shule ya msingi ya Pantglas na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Rundo hilo lilianza kumwagwa mwaka 1958 juu ya chemchemi. Maji yakijaa katikati ya chembe za vifusi huzisukuma zisigandamane. Msuguano hupungua, na kilichokuwa kilima huteremka kama uji. Mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, Lord Robens, alidai kwanza kwamba chemchemi hiyo haikujulikana. Ilikuwa imechorwa kwenye ramani, na wanakijiji waliijua kwa macho. Tume ya uchunguzi iliilaumu Bodi moja kwa moja mwaka 1967.

Wapo watakaosema ni kudra ya Mungu. Sibishani na kudra; nabishana na anayeikumbuka baada ya msiba tu, wakati kabla ya msiba alitegemea bahati. Injili ya Luka inataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Yesu anakataa kwamba dhambi yao ilizidi ya wengine. Kwa hiyo dini yenyewe haituruhusu kumtafuta mkosaji miongoni mwa waliofukiwa. Mwanafalsafa William Clifford alitoa mwaka 1877 mfano wa mwenye meli anayejituliza kwamba chombo chake kibovu kitafika. Kwake kosa ni kule kujituliza, hata meli ikifika salama. Huko Aberfan, mzazi mmoja alipoelezwa kitabibu jinsi mtoto wake alivyokufa, alitaka cheti kiandikwe kwamba amezikwa hai na Bodi. Daktari alikuwa sahihi. Mzazi naye alikuwa sahihi, kwa sababu alikuwa akijibu swali jingine.

Pingamizi zito zaidi ni hili: leo vipimo ni bora, kwa nini namba isijitosheleze? Kwa sababu namba hupimwa siku moja, na mteremko huishi siku zote. Februari 2020, mvua za dhoruba Dennis ziliangusha takriban tani 60,000 za vifusi vya zamani huko Tylorstown, bondeni Rhondda. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Wales ina marundo zaidi ya 2,500 yaliyoachwa, na mengi yamefunikwa na nyasi nzuri mno. Mfereji wa kutoa maji kwenye rundo ukizibwa na majani makavu, ile 1.5 inabaki kwenye karatasi tu. Mtu atasema hakuna awezaye kuahidi milele. Kweli, ila ahadi yenyewe si kwamba kilima hakitaanguka. Ni kwamba baada ya kila mvua kubwa kuna mtu atakayepanda kuangalia nyufa, mwenye mamlaka ya kuwahamisha watu na fungu la kulipia kazi hiyo. Watu wa Aberfan walihakikishiwa kwamba marundo yaliyobaki hayana hatari. Walikataa kuishi chini yake. Yalipoondolewa, serikali ilichukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa michango iliyotolewa kwa ajili ya waliofiwa. Zilirudishwa mwaka 1997, kiasi kile kile, bila nyongeza.