Sindano ya Nne

Mbwa jike akiingia katika joto hutoka damu, joto lenyewe hudumu wiki mbili au tatu hivi, na hali hiyo humjia takriban mara mbili kwa mwaka. Damu inayozidi hapo si ya joto. Mzee wa kisa hiki, mwalimu mstaafu wa Makongeni, Thika, alilijua hilo, maana amefuga mbwa tangu ujana wake. Simpi jina, kwa sababu wenzake ni wengi kuanzia Makongeni hadi Kihunguro kule Ruiru.

Suzi, mbwa wake wa kulinda boma, alidondosha damu mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Mzee akaenda agroveti, akauziwa dawa ya kuua bakteria. Damu ikapungua kwa siku chache, kisha ikarudi na harufu mbaya. Ni mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, aliyeinua mkia wa mbwa siku ya kumwogesha akaona kinyama chekundu chenye vifundovifundo.

"Guka, hii si joto," alisema. "Suzi ni mgonjwa."

Daktari wa mifugo aliwapokea vizuri. Alipaka majimaji ya uvimbe kwenye kigae cha kioo, akayachungulia kwa darubini, akawaeleza kwamba hiyo ni saratani ya kuambukiza ya mbwa, ambayo madaktari huiita TVT. Mzee alishtuka. Saratani inaambukizaje?

Hapa pana ajabu ambayo kila mfugaji angefaa kuijua. Saratani nyingi huanza ndani ya mwili wa mgonjwa na kufa pamoja naye. Hii ilianza kwa mbwa mmoja maelfu ya miaka iliyopita, na seli zake zikaendelea kuhama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kujamiiana, kulambana na kunusana. Ni kama parachichi za hapa kwetu zinazobebeshwa: mti mama ulikwisha zamani, lakini tawi lake bado linaishi juu ya shina la mwingine. Mwaka 1876 daktari Mrusi aitwaye Mstislav Novinsky alipandikiza uvimbe wa namna hiyo kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, nao ukaota. Binadamu haambukizwi uvimbe huo. Mbwa wanaozurura usiku ndio wanaoutembeza mitaani, na mara nyingine uvimbe huota puani au mdomoni badala ya sehemu za siri.

Habari njema ni kwamba ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Dawa yake, vinkristini, asili yake ni lile ua la Madagaska la rangi ya waridi linalopandwa kwenye bustani nyingi nchini, na ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watoto wenye saratani ya damu. Mbwa hudungwa mara moja kwa wiki. Wengi hupona kwa sindano nne hadi sita, wengine huhitaji zaidi, na matibabu hayaishi mpaka daktari apapase na kuangalia ndani asipate chochote.

Kumsaidia mbwa katika safari hiyo ni kazi ya nyumba nzima, na mzee aliifanya kwa moyo. Suzi alipimwa uzito na damu kabla ya dawa. Alipokuwa akidungwa, mzee alimshika kichwa na kumnong'oneza asitikisike, kwa sababu vinkristini ikivuja nje ya mshipa huchoma na kuozesha nyama ya mguu. Nyumbani, mjukuu alivaa glavu kusafisha mkojo na kinyesi kwa siku kadhaa baada ya kila sindano, na shangazi yake mjamzito akaambiwa asikaribie. Hamu ya chakula ilipopotea walimpashia maini yaliyochemshwa, wakampa kidogo kidogo. Mzee alionywa asimpe brufeni wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Alionywa pia kwamba karibu wiki moja baada ya sindano chembe nyeupe za damu hushuka, kwa hiyo homa ikipita digrii 39.5, au mbwa akikataa kuamka, asingoje asubuhi.

Baada ya sindano ya tatu uvimbe haukuonekana tena kwa nje. Damu ilikauka. Suzi alibweka langoni kama zamani, nao mwezi wa karo ukawa umefika. Daktari alipiga simu kuuliza kuhusu sindano ya nne.

"Daktari, huyu amepona," mzee akajibu. "Mimi mwenyewe nimemwangalia."

Simlaumu kwa ufukara. Karo ni karo. Lakini angesema pesa zimepungua, daktari angetafuta njia, hata ya kulipa polepole au kumwelekeza kwenye kitivo cha utabibu wa mifugo kule Kabete. Badala yake alisema mbwa amepona, na hapo mazungumzo yakafungwa. Ndani, pasipofika macho, zilibaki seli zilizostahimili dawa mara tatu. Mnyororo ulifunguliwa. Suzi aliingia katika joto la kweli, na dume la jirani likapita kwenye tundu la ua.

Miezi michache baadaye uvimbe ulirudi mkubwa zaidi, ukabana njia ya mkojo. Safari hii vinkristini iliusogeza kidogo tu. Daktari alitaja dawa nyingine, doksorubisini, yenye nguvu zaidi, lakini inayoweza kuuchosha moyo na inayogharimu zaidi. Mzee alikubali papo hapo. Vipimo vya damu vilipotoka, figo za Suzi hazikuwa za kubeba dawa yoyote. Alidungwa sindano ya kumpumzisha, mjukuu akiwa amemshika kichwa.

Wiki hiyo hiyo jirani alikuja langoni. "Mwalimu, mbwa wangu naye anatoka damu."

Mzee hakubishana wala hakusingizia mbwa wa mtaani. Aliuza mbuzi mmoja, akagawana gharama na jirani, na kila Jumamosi waliandamana kwenda kliniki. Mwezi wa karo ulipowakuta tena alimwambia daktari wazi kwamba pesa ni kidogo, wakaelewana alipe nusu. Baada ya sindano ya sita dume lilikuwa safi, linaruka, na jirani alikuwa tayari kushukuru na kuaga.

"Kwanza tuangalie ndani," mzee akasema.

Daktari alivaa glavu, akapapasa, akasimama kwenye kifundo kidogo kama punje ya dengu. Wakapanga sindano ya saba Jumamosi iliyofuata.