Uaminifu Ndani ya Saa Kuukuu

Miongoni mwa vitu ambavyo kizazi kimoja huweza kukirithisha kingine vikiwa bado vinafanya kazi, saa ya mkono ya otomatiki ina nafasi ya pekee, kwa kuwa haihitaji betri wala kutiwa ufunguo kila siku, bali hupata nguvu kutokana na mwendo wa mkono wa anayeivaa. Ndani yake mna rota, yaani kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka mkono unapotikisika na kuikaza springi kuu, nayo springi inapojikunjua taratibu huyasukuma magurudumu yanayoendesha mishale.

Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkono ya aina hii nchini Uswisi mwaka 1924, na mwaka 1931 Rolex ikatoa saa ambayo rota yake ilizunguka duara kamili. Mwaka 1963 kampuni ya Seiko ya Japani ilileta Sportsmatic 5, chimbuko la Seiko 5, na hivyo kuiweka saa ya otomatiki katika uwezo wa mfanyakazi wa kawaida. Hata hivyo, ni Seiko hiyohiyo iliyozindua Astron tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuuzwa, ambayo hutumia betri na fuwele inayotetema. Teknolojia hiyo ilipoenea, saa nyingi za zamani zilitupwa sandukuni, zikasubiri wakusanyaji na mafundi.

Jambo la kwanza ambalo fundi saa hujifunza ni kwamba saa kutembea si ushahidi wa uzima wake. Mafuta yanapokauka, ncha za ekseli huanza kusagika, na vumbi la chuma huchanganyika na mafuta yaliyosalia na kuongeza uharibifu, ilhali mishale inaendelea kuonyesha saa karibu sawasawa. Ndiyo maana fundi makini huifungua saa yote, huosha kila kipande, kisha hutia matone madogo mno ya mafuta kwenye vito, yaani vijiwe vya yakuti bandia ambamo ekseli huzungukia.

La pili, nalo ndilo zito zaidi, ni mpaka kati ya kutengeneza na kughushi. Kubadilisha springi iliyokatika ni kuihudumia saa. Lakini kuupaka rangi uso wake uliofifia ili uonekane wa kiwandani, au kuunganisha vipande vya saa kadhaa na kuviuza kama saa moja ya asili, ni kumdanganya mnunuzi. Hata kung'arisha kasha hula chuma kisichorudi na kufuta kingo alizozichonga mtengenezaji, na kwa sababu hiyo wakusanyaji wazoefu huithamini saa yenye mikwaruzo ya kweli kuliko ile inayometa.

Kwa hiyo, fundi mwaminifu humweleza mwenye saa kila alichobadilisha na humrudishia vipande vya zamani, hata kama maelezo hayo yatapunguza bei ya saa. Uzee si aibu ya kufichwa, na anayekitunza kitu kwa ajili ya watakaokuja baada yake anawadai jambo moja tu wale wasioweza kumuuliza, nalo ni kwamba wauamini mkono wake. Imani hiyo haijengwi ila kwa kusema kweli.