Kipimo cha Upendo

Binadamu hupenda kupima kila kitu. Nguo huipima kwa mita, nafaka huipima kwa kilo, na safari huipima kwa saa. Vitu hivi vina vipimo vyake, na mwenye kupunja hujulikana upesi. Lakini viko vitu vingine ambavyo havijapata mizani mpaka leo, na kimoja miongoni mwao ni upendo. Haushikiki mkononi, wala hauwekwi juu ya meza ukahesabiwa. Kwa sababu hiyo watu hutafuta alama za nje za kuuonyesha. Na kwa sababu hiyo hiyo, aghalabu hudanganyana. Msomaji, nataka tuitazame pamoja siku moja ya mwaka iliyotengwa kwa alama hizo, yaani tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Tuone ilikotoka na jinsi ilivyokua, kisha tulijibu swali ambalo siku hiyo huliweka mbele ya kila kijana: Je, upendo wa mtu waweza kujulikana kwa zawadi aliyoitoa?

Siku hii hubeba jina la Mtakatifu Valentine. Ukiuliza Valentine huyu alikuwa nani, utapata majibu zaidi ya moja. Masimulizi ya kale ya Kanisa humtaja kasisi wa Roma mwenye jina hilo, na tena askofu wa mji wa Terni mwenye jina hilo hilo. Wote wawili husemwa kuwa waliuawa kwa ajili ya imani yao katika karne ya tatu, na wengine hudhani kuwa walikuwa mtu mmoja. Huenda umesikia kwamba Kaisari Claudius wa Pili aliwakataza askari wake kuoa, na kwamba Valentine akawaozesha kwa siri. Hadithi hiyo ni tamu, lakini ilizaliwa baada ya miaka mingi. Haimo katika masimulizi ya kwanza. Kwa kuwa habari za kweli za maisha yake ni chache mno, Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda yake ya jumla mwaka 1969, ijapokuwa jina lake limo bado katika orodha ya mashahidi wa imani.

Wako pia wasemao kwamba siku hii ni mtoto wa Lupercalia, sikukuu ya Warumi ya tarehe 15 Februari. Katika sikukuu hiyo mbuzi na mbwa walichinjwa, kisha wanaume walikimbia mjini wakiwapiga watu, hasa wanawake, kwa vipande vya ngozi ya mbuzi, kwa imani kwamba pigo lile huleta uzazi. Papa Gelasius wa Kwanza aliishutumu sikukuu hiyo mwishoni mwa karne ya tano. Lakini kati ya mapigo yale na barua za wapenzi kuna pengo la miaka karibu mia tisa, na hapana daraja juu yake. Tarehe kukaribiana si ushahidi wa udugu.

Ushahidi wa kwanza ulio imara wa kuunganisha siku hii na mapenzi watoka kwa mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer. Yapata mwaka 1380 alitunga shairi refu juu ya mkutano wa ndege, ambao hukusanyika siku ya Mtakatifu Valentine ili kila mmoja ajichagulie mwenzi. Basi mwanzo wa desturi tunaoweza kuushika kwa mkono si sheria ya mfalme wala amri ya dini, bali ni fikira ya mshairi. Watu waliipenda fikira ile, wakaanza kufanya kama ndege.

Karibu miaka mia moja baadaye, Februari ya mwaka 1477, katika jimbo la Norfolk, msichana aitwaye Margery Brews alimpelekea barua John Paston, kijana aliyekuwa akimposa. Barua iliandikwa kwa mkono wa karani, na ndani yake alimwita kijana huyo Valentine wake. Imehifadhiwa London hata leo, nayo hutajwa kuwa ya kale kupita zote za namna yake zilizosalia katika lugha ya Kiingereza. Msomaji, utastaajabu kusikia kwamba jambo kubwa katika barua hiyo lilikuwa mali. Katika nchi ile, siku zile, mali ya ndoa ilitoka kwa baba wa msichana kwenda kwa bwana arusi. Wazee walikuwa wakivutana juu ya kiasi. Margery alieleza kwamba mama yake amejitahidi sana kumsihi baba aongeze, na baba amekataa. Kisha akasema neno zito: kama John ampenda kweli, hatamwacha kwa sababu hiyo. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe, hata kama kijana angekuwa na mali isiyofikia nusu ya ile aliyo nayo, hangemwacha. Mwaka ule ule walioana.

Ikumbuke barua hiyo, kwa maana tutairudia. Kwa sasa tufuate desturi ilivyokua. Katika karne ya 17, Waingereza waliamini kwamba mtu wa kwanza kumwona asubuhi ya siku hiyo ndiye Valentine wako. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika habari za kila siku za maisha yake, alisimulia mwaka 1662 jinsi mkewe alivyoyafunika macho kwa mikono asubuhi nzima, asije akawaona mafundi waliokuwa wakipaka rangi ya dhahabu nyumbani mwao. Mwaka 1667 alisimulia kwamba mtoto mmoja wa kiume alimletea mkewe karatasi ya buluu, ambayo juu yake alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe jina la bibi huyo kwa herufi za dhahabu. Na mume na mke wote wakafurahi. Mwaka ule Pepys mwenyewe naye alikuwa Valentine wa mkewe, na heshima hiyo ingemgharimu pauni tano. Tazama mambo mawili yaliyokaa pamoja katika nyumba moja: karatasi ya mtoto, ambayo bei yake haikutajwa, na zawadi ya mume, ambayo bei yake ilitajwa kwanza.

Baadaye biashara ilikuja na mbio zake. Mwaka 1840 Uingereza iliweka ada moja ya posta, peni moja kwa barua nyepesi kwenda popote katika nchi, na kadi za siku hiyo zikaongezeka sana. Huko Marekani, Esther Howland wa mji wa Worcester, Massachusetts, alianza kutengeneza kadi zilizopambwa kwa karatasi za urembo mwishoni mwa miaka ya 1840, na kazi yake ikawa biashara kubwa. Katika miaka ya 1860 Richard Cadbury alitoa masanduku ya chokoleti yenye umbo la moyo. Walakini katika karne hiyo hiyo zilichapishwa pia kadi za kejeli na matusi, zilizopelekwa bila jina la mpelekaji, kumcheka mtu kwa sura yake, kazi yake au upweke wake. Siku ilikuwa ile ile, posta ile ile, na bahasha ile ile. Moyo tu ndio uliokuwa mbali. Hapo twajifunza kwamba alama huchukua chochote inachopakiwa. Huweza kubeba upendo, na huweza kubeba sumu.

Sasa tuje nyumbani. Mengi ya maua ya waridi yanayouzwa Ulaya kwa ajili ya siku hiyo hukuzwa hapa Kenya, na sehemu kubwa yake hutoka katika mashamba yaliyoko kando ya Ziwa Naivasha. Majuma machache kabla ya tarehe 14 Februari kazi huzidi. Maua hukatwa, hupangwa kwa urefu, hufungwa, huwekwa katika vyumba vya baridi, kisha husafirishwa hadi Nairobi na kupakiwa katika ndege. Wengi wa wafanyakazi wa mashamba hayo ni wanawake. Fikiri, msomaji, juu ya mmoja wao. Hamjui atakayelipokea ua alilolikata, wala anayelipokea hamjui yeye. Lakini ujira wake huwa unga, kodi ya nyumba na daftari za watoto. Ua moja hupita katika mikono miwili: mkono mmoja wasema kuwa unapenda, na mkono mwingine wafanya kazi kwa kuwa unapenda. Nani miongoni mwa hao wawili ametoa zaidi? Wa pili hakuandika kadi yoyote.

Katika miji yetu nako siku hii imekwisha kujenga kwake. Watu huvaa nguo nyekundu, na maua huuzwa kando ya barabara. Wako wanaokasirika, wakisema ni desturi ya wageni na yafaa itupwe. Hoja hiyo haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Desturi haiwi mbaya kwa sababu imevuka maji, wala haiwi njema kwa sababu imezaliwa kwetu. Valentine mwenyewe alikuwa mgeni katika Uingereza. Na alama za upendo hatukuzikosa hata sisi: mwanamke wa Pwani hupewa kanga, na maneno yaliyochapishwa juu yake husema yale ambayo mtoaji hakuyatamka kwa kinywa. Kosa, kama lipo, halimo katika siku wala katika ua.

Wako wengine walio upande wa pili, ambao husema kwamba asiyetoa kitu siku hiyo hapendi. Hawa ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa neno lao huwachoma vijana. Kwa ajili ya neno hilo mwanafunzi huweza kuitumia nauli aliyopewa na mzazi, au kukopa asichoweza kulipa, ili asionekane duni mbele ya wenzake. Tazama jinsi desturi inavyoweza kugeuka kuwa mzigo. Huko Japani, ambako wanawake ndio huwapa wanaume chokoleti siku hiyo, imekuwapo hata chokoleti ya kuwapa wakubwa na wenzi wa kazini wasiopendwa wala kuchukiwa, na Wajapani wenyewe huiita chokoleti ya wajibu. Jina hilo lina unyofu wa kusifiwa. Wangapi miongoni mwetu hutoa zawadi za wajibu na kuziita za upendo?

Liko jambo kubwa kupita hilo. Zawadi huweza kugeuzwa kuwa deni. Kijana humpa msichana kitu leo, na kesho humdai utii, au siri, au mwili, kana kwamba alikuwa amelipa rehani. Huyo hakutoa zawadi. Alikopesha bila kusema, na riba yake ni ya dhuluma. Wewe msichana unayesoma maneno haya, jua kwamba ukilipokea ua hukuuza kitu chochote. Ukiweza kulirudisha, lirudishe. Ukishindwa, hata hivyo huna deni. Na wewe kijana wa kiume, jua kwamba anayekupenda kwa ajili ya mfuko wako atakuaga siku mfuko utakapotoboka. Ninyi nyote wawili mwaweza kununuliwa, na nyote wawili mwaweza kukataa.

Je, basi, zawadi haina maana? Sisemi hivyo. Upendo usioonyeshwa kamwe ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani: yaweza kuwa mbegu njema, lakini hapana atakayevuna. Ni vizuri mtu kuambiwa kuwa anapendwa, na ni vizuri kuwapo siku ya kuwakumbusha wasahaulifu. Wahenga wetu walisema kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni ujinga. Walisema tu kwamba chemchemi yake ni moyo. Karatasi ya buluu ya mtoto yule iliwafurahisha wakubwa wawili kwa sababu aliifanya mwenyewe, na hakutaka kulipwa.

Sasa turudi kwa Margery Brews. Yeye alikuwa na sababu nyingi kuliko zetu za kuutafuta upendo katika mizani ya mali, maana wazee walikuwa wakihesabu, na maisha yake ya baadaye yalikuwa juu ya hesabu hiyo. Lakini alikigeuza kipimo. Hakuuliza John atampa nini. Aliuliza jambo litakalobaki mali ikipungua, na kabla ya kungoja jibu la kijana, alitoa jibu lake mwenyewe. Nionavyo mimi, hicho ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na haki. Upendo hauhesabiwi kwa kile kilichotolewa, bali kwa kile kinachobaki zawadi ikiondolewa. Ondoa ua, ondoa chokoleti, ondoa nguo nyekundu. Je, iko heshima? Uko ukweli? Iko subira siku ya ugonjwa, na msaada siku ya kushindwa? Kama vitu hivyo vipo, zawadi ilikuwa pambo la nyumba iliyojengwa. Kama havipo, lilikuwa pambo la kiwanja kitupu.

Kipimo hiki kina ugumu mmoja, nao ni kwamba hakisomeki kwa siku moja. Siku ya Wapendanao ina saa 24, na mwongo aweza kuvumilia saa 24. Siku zilizosalia za mwaka ndizo zisizovumilika kwa uongo. Basi tarehe 14 Februari itakapokuja, usiidharau wala usiiogope. Kama una cha kutoa, toa kwa furaha na usahau kuwa umetoa. Kama huna, sema neno la kweli, kwa maana neno la kweli halikopwi dukani. Na kama unataka kujua kwamba unapendwa, usitazame mkononi mwa mtu siku hiyo; mtazame tarehe 15, na siku zote zinazofuata.