Je, Kurudi ni Kukataa Kushindwa?

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kijiweni kwetu methali hii imegeuzwa rungu: ukijaribu jambo mara ya pili unaambiwa, "We vipi, si ulishashindwa?" Ndugu msomaji, hebu tuipime kwa mfano wa mwimbaji mmoja.

Jessica Sanchez ni Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino na Meksiko. Mwaka 2006, akiwa mtoto wa miaka 10 hivi, alipanda jukwaa la America's Got Talent, shindano la televisheni lililokuwa ndiyo kwanza linaanza. Akatolewa. Mwaka 2012, akiwa na miaka 16, alifika fainali ya American Idol, akashindwa na Phillip Phillips. Mwaka 2025 akarudi palepale alipoanzia, na katika fainali, akiwa na miaka 30 na ujauzito wa miezi tisa, akashinda.

Sasa tusimsifu haraka. Tukimsifu kwa kuwa alishinda, hatujasema lolote juu ya kurudi. Tumesifu ushindi tu. Swali gumu ni hili: angetolewa tena, je, angekuwa amekosea kurudi?

Mimi nasema hapana. Kuna mambo mawili tunayachanganya. Kukubali kushindwa ni kukubali matokeo ya siku ile: kura zimehesabiwa, mwenzio kakuzidi, unampa mkono. Kukubali kuwa mshindwa ni kuyachukua matokeo yale ukayafanya jina lako la maisha. Methali inadai la kwanza. La pili hakuna mhenga aliyelidai.

Rafiki yangu mmoja wa mtaani ananibishia. Ati mashindano haya ni biashara. Televisheni inauza matangazo kwa machozi ya watu, na anayerudi anakwenda kuomba tena heshima kwa wasiomjua. Hoja yake ina uzito. Hata zawadi yenyewe, dola milioni 1, kwa kanuni za shindano hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 40. Anayeitaka kwa mkupuo anapata pungufu. Lakini hoja hiyo inamhukumu mwenye duka. Mwimbaji anahitaji masikio, na masikio mengi yako pale. Yeye tumhukumu kwa anachokwenda nacho. Akirudi na sauti ileile na lawama kwa majaji, huyo kweli hajakubali. Akirudi na kazi aliyoifanya katikati, anastahili kusikilizwa upya, maana aliyehukumiwa mwanzo hakuwa huyu.

Nasi waandishi chipukizi tujipime hapo hapo. Mswada wangu wa riwaya umerudishwa mara mbili na mchapishaji mmoja. Niupeleke tena? Jibu halimo katika barua yake ya kukataa. Limo katika kurasa zangu: je, zimebadilika, ama nimebadilisha bahasha tu?