Ngumi inayofuata mdundo: Je, ni mchezo tu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ndugu msomaji, wengi wetu wazee tunapoyasikia magemu ya vijana huyahukumu bila ya kuyaona. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka Jumamosi moja mtoto wa dada yangu aliponipa pedi mkononi na kusema, "Mjomba, cheza kwanza, ndipo unilaumu." Niliona amesema haki, nikakaa.

Gemu lenyewe linaitwa Def Jam: Icon, lilitoka mwaka 2007. Def Jam ni kampuni ya muziki wa rap iliyoanzishwa New York mwaka 1984 na Rick Rubin na Russell Simmons. Kabla ya Icon zilikuwa zimetoka gemu nyingine za mapigano zenye jina hilo, zikiwemo za mwaka 2003 na 2004. Ndani yake wanamuziki wa kweli, akina T.I., Ludacris na Method Man, wanapigana. Lakini jipya katika hii ya 2007 ni kuwa muziki wenyewe ni silaha. Mdundo ukishuka, mahali pote panatikisika: pampu za kituo cha mafuta zinalipuka, na aliyesimama karibu anarushwa. Mchezaji anaweza kuzungusha kidole kwenye pedi kama DJ anavyokwaruza sahani ya santuri, akauita mdundo umpige adui yake.

Nasema kweli, lilinivutia. Dakika kumi hazijaisha nilikuwa napiga kelele "Mmalize!" Mara ikaadhiniwa Alasiri. Kijana akasimamisha mchezo, akainuka kwenda kutawadha. Mimi, mwenye mvi, nikamwambia, "Subiri, bado kidogo namshinda huyu." Akanitazama bila kusema neno. Aibu ya mtazamo ule ndiyo iliyoniandikisha makala hii.

Hebu tujiulize: nimemdhulumu nani? Niliyempiga ni picha. Hana damu, hana mama wa kumlilia. Kama dhulma ni kumdhuru kiumbe, basi hapa hakuna aliyedhurika. Hii ndiyo hoja ya vijana wetu, na si hoja ya kipuuzi.

Wapo watakaoimaliza kwa neno moja: muziki ni haramu. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala za muziki, na wapo wachache, kama Ibn Hazm wa Andalusia, waliosema vinginevyo. Hilo nawaachia masheikh. Mimi nauliza jambo ambalo hata anayehalalisha muziki hana budi kulijibu.

Wala tusiseme Uislamu unachukia michezo. Imepokewa na Bukhari kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamwacha Bi Aisha (r.a.) awatazame. Kwa hiyo tofauti iko wapi?

Naiona katika mambo mawili. La kwanza, anayecheza mkuki au mieleka anaumia naye. Bega lake likigonga chini anajua maumivu ni nini, na ujuzi huo humfunza kumhurumia mwenzake. Anayebonyeza pedi hapigwi hata kofi. La pili ni zito zaidi. Mtu mzima wa akili akiona mwenzake anapigwa usoni, moyo hushtuka. Mshtuko ule ni rehema aliyoiweka Allah (s.w.) ndani yetu. Katika gemu hili ngoma inalia wakati uleule wa pigo, na moyo unaotaka kushtuka unaambiwa ufurahi. Ukizoea, utamu na maumivu ya mwingine vinakuwa kitu kimoja. Na ilhali Mtume (s.a.w.) ametukataza kupiga uso hata katika ugomvi wa kweli, humu uso ndio unaotafutwa.

Sisemi kuwa kila achezaye atatoka barabarani kupiga watu. Watafiti wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi. Nasema kwamba sheria huangalia aliyeumizwa, lakini maadili humwangalia pia aliyefurahi. Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumeonywa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Sioni pale kwamba vilivyotazamwa kwenye televisheni vimetolewa katika hesabu hiyo.

Basi tufanyeje? Kuivunja mashine ni kazi rahisi, na kesho kijana atakwenda kwenye kibanda cha gemu mtaa wa pili, ambako hutakuwepo. Wazazi tukae nao, tuone wanachokiona, tuwaulize wanafurahia nini hasa. Na tuwafunze kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayeizuia nafsi yake anapoghadhibika, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.).

Siku ile, katika chumba kile, mwenye nguvu hakuwa mimi niliyekuwa nikishinda kwenye gemu. Alikuwa kijana aliyeweka pedi chini akaitikia adhana. Nilikwenda kumkosoa, akanikosoa yeye, na wala hakufungua mdomo.

Wallahu a'lam.