Jiwe la Kusagia Halifai Kuwekwa Rehani



Katika mafundisho ya amri ya saba mmekwisha kusikia ya kuwa Mungu anatukataza kuiba. Wengi hudhani kwamba mwizi ni yule tu avunjaye nyumba usiku au achukuaye mbuzi wa jirani malishoni. Lakini Eklezya yatufundisha kwamba mtu aweza kuiba mchana, mbele ya mashahidi, tena akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na yule anayeibiwa. Wizi huo ni riba inayowaonea wahitaji. Leo tutaufikiri, na pamoja nao tutafikiri wajibu wa mwenye kukopa, maana naye aweza kuvunja haki. Swali letu ni hili: mtu ambaye watu hawamwamini tena kwa sababu ya madeni yake, je, ni haki atozwe zaidi kuliko wengine? Naye afanye nini apate kuaminiwa tena?

1. Mambo yalivyo kwetu

Mwaka 2011 Serikali ya Kongo ilianza kuwalipa watumishi wake mishahara kwa njia ya benki. Hata hapa Bunia wapo walimu, wauguzi na askari wanaopokea mshahara kwa kadi ndogo ya benki na nambari ya siri. Jambo hilo lina wema wake, kwa kuwa mshahara haupiti tena katika mikono mingi. Lakini mshahara hukawia, na ugonjwa wa mtoto haungojei mshahara, wala njaa haiungojei. Ndipo mtu huenda kwa mwenye fedha akopeshaye kwa riba. Katika nchi yetu ukopeshaji huo umepewa jina la mzaha, Banque Lambert. Usidhani kwamba ni nyumba ya benki yenye karani na mlinzi mlangoni. Ni mtu tu mwenye fedha, naye yuko sokoni, au ofisini, au jirani yako.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa kijiji amekopa dola 100, naye ameahidi kurudisha dola 150 mwisho wa mwezi. Kwa rehani ameacha kadi yake pamoja na nambari ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji huenda benki mwenyewe, hutoa fedha, hukata zake, na kumpa mwalimu yaliyobaki. Yaliyobaki hayamtoshi kumaliza hata juma la pili, basi anakopa tena. Akishindwa kulipa zile 100, akatoa riba peke yake kwa miezi 6, amekwisha kutoa dola 300, na deni la dola 100 lingali pale pale, kana kwamba hajalipa kitu.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la wenye kadi tu. Katika machimbo ya dhahabu, kama yale ya Mongbwalu, mchimbaji hupewa chakula na vyombo na mfanyabiashara kabla ya kuona dhahabu, kisha hulazimika kumwuzia yeye, kwa bei aitakayo yeye. Na mkulima mwenye njaa huuza maharagwe yake yangali shambani, kwa bei ndogo mno. Sura ni mbalimbali, kosa ni moja: mwenye nacho amengojea saa ya shida ya mwenzake, akaifanya kuwa biashara.

2. Mungu amesema nini?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, na katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwakataza watu wake kumtoza riba ndugu aliyeanguka katika umaskini. Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aliweka sheria ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama. Alikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la mdeni kuwa rehani, kwa kuwa atakayelichukua amechukua uhai wa mtu. Mama zetu walioponda ulezi na mtama juu ya jiwe wanaielewa sheria hii bila mwalimu. Jiwe likiondoka, hakuna unga, na pasipo unga watoto hulala njaa. Mdeni huyo atalipaje, naye hana hata cha kula?

Basi, wapendwa, kadi ya mwalimu ni jiwe lake la kusagia. Kwa kadi hiyo hupata unga wa nyumba yake. Aliyeishika ameshika chakula cha watoto wasiomkopa hata senti moja.

3. Neno la mkopeshaji

Mkopeshaji atajitetea hivi: “Mtu huyu amekwisha kushindwa kulipa mahali pengine. Benki imemkataa, ndugu zake wamemkataa. Mimi peke yangu ninamkopesha, nami ninajihatarisha. Je, hatari yangu haina ujira?”

Neno hilo lina ukweli kidogo, nasi tusilidharau. Baba Mtakatifu Benedikto wa 14, katika barua yake ya mwaka 1745, alifundisha kwamba si haki kudai ziada kwa sababu ya mkopo wenyewe. Hata hivyo alikubali kwamba pengine kuna sababu nyingine za haki, zisizotokana na mkopo, kwa mfano mkopeshaji akipata hasara ya kweli. Na zamani zaidi, mwaka 1462, Wafransisko waliwasaidia watu wa Perugia, katika nchi ya Italia, kuweka nyumba ya kuwakopesha maskini. Wakopaji walileta rehani, wakatoa fedha kidogo tu za kuwatunza wafanya kazi wa nyumba ile. Wengine walinung’unika kwamba hata hiyo kidogo ni riba, lakini Mtaguso wa Laterano, mwaka 1515, uliamua kwamba si kosa. Eklezya haisemi, basi, kwamba kila ziada ni wizi.

Lakini tumwulize mkopeshaji wetu: hatari yako i wapi? Kadi unayo. Nambari ya siri unayo. Mshahara ukifika, wewe watangulia kuushika kabla ya mwenyewe. Umekwisha kuiondoa hatari, nawe bado wadai ujira wa hatari. Ile dola 50 hulipwi kwa ajili ya hatari. Unalipwa kwa kuwa mwenzako hana pa kwenda. Hapo ndipo wizi ulipo. Na hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Si haki kumtoza zaidi aliyeanguka kwa sababu tu ameanguka. Ni kama kumtwika mzigo mzito zaidi mwenye mguu uliovunjika, kisha kumcheka kwamba hatembei upesi.

4. Wajibu wa mwenye kukopa

Sasa tumgeukie mdeni, maana Maandiko Matakatifu hayamwachi. Yoshua bin Sira, sura ya 29, anamwonyesha mtu anayekuja kukopa kwa maneno matamu na kuubusu mkono wa tajiri. Siku ya kulipa ikifika, huyo huyo hulalamika na kuomba siku nyingine tena. Nasi tunamjua mtu huyo. Wazee wetu wa Kiswahili walimsema mapema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Lakini tupambanue. Yuko aliyeshindwa kulipa kwa kuwa alidanganya, akatumia fedha katika pombe na fahari. Tena yuko aliyeshindwa kwa kuwa aliporwa. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita viliporudi katika Djugu, watu wengi wa Ituri wameacha mashamba na ng’ombe wao wakakimbia na nguo za mwilini. Mtu wa namna hiyo akikawia kulipa, msimwite mwongo. Bado ana deni, lakini dhambi hana.

Kila deni lina vitu viwili ndani yake, fedha na neno. Fedha hurudishwa kwa fedha. Neno lililovunjika halirudishwi kwa fedha, bali kwa maneno mengine mengi madogo yaliyotimizwa, moja baada ya jingine. Kwa sababu hiyo hudanganyika yule anayekopa kwa riba kubwa ili amlipe mdai wa kwanza na kuonekana mwaminifu. Amefukua shimo ili afukie shimo. Aibu ameificha kwa mwezi mmoja, na uaminifu haukurudi.

Mmoja wenu aliuliza katika mafundisho: “Mdeni aliyeacha kadi yake, aweza kwenda benki na kusema kwamba imepotea, apewe nyingine?” Hapana. Huo ni uongo, na fedha ya kwanza aliyopokea ni mali ya mwenziwe. Lakini si lazima akae kifungoni. Aende mchana, pamoja na mashahidi wawili wa jumuiya yake, aseme: “Nilichopokea nitakilipa chote, kiasi hiki kila mwezi, naomba kadi yangu, kwa kuwa ni chakula cha watoto.” Asipokubaliwa, apeleke neno lake kwa wazee au kwa Tume ya Haki na Amani. Riba ya uonevu si haki ya mkopeshaji, hata kama mdeni alitia sahihi, maana sahihi ya mwenye njaa haigeuzi wizi kuwa haki.

5. Njia ya kurudisha uaminifu

Kwanza, sema ukweli kwa wadai wako kabla ya siku ya kulipa, si baada yake. Anayejificha hujiongezea deni.

Pili, ahidi kidogo unachoweza. Dola 5 zilizolipwa siku iliyotajwa zina nguvu kuliko ahadi ya dola 50 isiyotimizwa. Andika kila malipo, na shahidi aone.

Tatu, usikabidhi kadi wala nambari yako ya siri kwa mtu, wala usikope kwa ajili ya fahari.

Nne, ingia katika kikundi cha kuweka akiba. Mmekwisha kuijua likelemba, ambamo kila mmoja hutoa sehemu na kupokea kwa zamu. Tena viko vikundi vya akiba na mkopo vya vijijini, ambavyo mfano wake ulianzia kati ya wanawake wa Niger mwaka 1991. Watu 20 au 30 wanaojuana huweka akiba katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mwanakikundi hukopa kidogo, hurudisha mbele ya wote, na ziada hugawanywa kati yao mwisho wa mwaka, wala haimtajirishi mtu mmoja. Lakini wanakikundi waangalie ziada yao nayo iwe ndogo. Hapo mtu aliyeharibu jina lake huonekana kila juma akitimiza neno, na jina lake hupona polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Kwa mkopeshaji anayetaka ubatizo

Huenda hata kati yenu yuko anayekopesha kwa riba. Asikate tamaa, lakini asijidanganye. Nehemia, alipowaona maskini wa Yeruzalemu wameweka rehani mashamba yao na kuwatoa watoto wao utumwani, aliwakaripia wakuu. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikopesha, akawataka wote waache riba na kurudisha mashamba. Zakayo naye aliahidi kurudisha mara nne. Kitubio bila kurudisha ni nusu ya kitubio. Rudisha kadi leo, kisha uje katika mafundisho.

Wapendwa, siku ya ubatizo mtaulizwa mbele ya watu wote kama mnamkataa Shetani na kama mnamsadiki Mungu. Mtajibu kwa neno tu, na Eklezya italipokea neno hilo bila kuwadai rehani. Bwana wetu Yezu Kristu alimkabidhi Petro kondoo wake baada ya kukanwa naye mara tatu. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akampa kazi. Nanyi mfanye vivyo hivyo kwa jirani aliyeanguka: mwulizeni kweli yake, mpeni jambo dogo la kutimiza, naye akilitimiza, mpeni jingine.

Maswali ya kufikiri nyumbani

Je, ninashika jiwe la kusagia la mtu yeyote?
Je, yuko mdai ninayemkwepa njiani? Nitakwenda kwake siku gani?
Katika jumuiya yetu, nani hawezi kukopa ila kwa riba, nasi tutamsaidiaje?